Nimejaribu kuacha sukari mara nne, kila mara naangukia njiani. Mlianzaje?

Fundi wa Umoja:
Habari zenu. Nina miaka 43, nashona sare za shule soko la Gikomba, Nairobi, kutwa nzima nimekalia stuli mbele ya cherehani. Mama yangu aliondoka na ugonjwa wa sukari, baada ya kukatwa mguu. Juzi nilipimwa, nikaambiwa yangu haijafika huko lakini inaelekea. Januari nilikata shauri: sukari hapana, mandazi hapana, kutembea saa nzima kila alfajiri. Siku ya tisa mvua ilinikuta nimelala. Siku ya kumi nikaagiza chai na mandazi mawili, nikajua nimeshindwa tena. Kuna aliyeweza?

Baba Burma:
Pole dada. Mimi nauza nyama soko la Burma, hapa hapa Nairobi, na nilikuwa hapo hapo ulipo. Vijiko vinne kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku: vijiko 16. Shirika la Afya Duniani linasema ni vyema tusipite gramu 25 hivi, yaani kama vijiko sita, na hapo soda imo.

Sikuanza kwa kupunguza. Nilimwomba mke wangu asitie sukari kwenye sufuria, iwekwe mezani kila mtu ajitilie. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu ninachokunywa. (Kibandani pia omba isiyotiwa. Mama wa kibanda changu alininunia siku mbili, akazoea.) Kisha nikachagua kijiko kimoja, kile kile kila siku, nikawa napitisha mgongo wa kisu juu yake, maana kijiko kilichofurika ni karibu viwili. Mwezi mzima vitatu na nusu. Mwezi uliofuata vitatu. Nilipofika kimoja ndipo palipokuwa pagumu kabisa, nikakaa hapo miezi mitatu bila kujilaumu. Leo chai ya matanga, kwa utamu wake, inanikwama kooni.

Kutembea nako, nilikuwa nashukia steji ya City Stadium, karibu na kazini. Nikaanza kushukia Maringo, kabla ya hapo, nimalizie kwa miguu, basi. Nilipozoea, Hamza, nyuma zaidi. Mvua ikinyesha nafika City Stadium kama zamani, kesho yake nashuka Hamza.

Mwalimu mstaafu:
Hilo la mvua, binti yangu, lishike sana. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuata watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia moja moja, na matokeo yakachapishwa 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia ianze kujiendesha yenyewe. Makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Aliyeruka siku moja hakuharibu kazi yake. Wewe siku ya kumi hukuwa umeshindwa, ulikuwa ndiyo kwanza umeanza.

Muuguzi:
Rudi upimwe baada ya miezi mitatu, na uulizie kipimo cha damu kiitwacho HbA1c. Kinaonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu, si asubuhi ile tu. Hapo utaona kama vijiko vimefanya kazi.

Fundi wa Umoja:
Asanteni, nimesoma nikalia kidogo. Hakuna aliyewahi kuniambia siku ya kumi ni mwanzo. Leo asubuhi nimetoa sukari kwenye sufuria, watoto wakaguna. Nimepitisha kisu juu ya kijiko: vitatu na nusu. Mandazi nimekula moja. Kesho nashukia steji moja kabla ya ile yangu, na viatu vya raba nimeshaviweka mlangoni.