Naombeni ushauri: mama anaishi peke yake Mbagala, nimnunulie kifaa gani?

Binti Kizuiani:
Habari zenu wapendwa. Mama yangu ana miaka 76, anaishi peke yake Mbagala, mimi niko Tegeta. Ana presha na macho yamepungua nguvu. Juzijuzi aliteleza usiku akienda chooni. Hakuvunjika, ila hakuniambia, nimesikia kwa jirani. Kuhamia kwangu amekataa katakata, nyumba ile aliijenga na marehemu baba. Kaka anataka tufunge kamera hadi chumbani. Mimi nawaza saa ya mkononi inayotambua mtu akianguka. Hela haitoshi vyote. Tuanze na kipi?

Nesi Mstaafu:
Pole mwanangu. Anza na mashine ya presha, ile ya mkanda wa juu ya kiwiko, siyo ya kifundo cha mkono. Hiyo inadanganya kirahisi. Mkanda umtoshe. Kabla ya kupima akae dakika 5 ametulia, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono usawa wa moyo. Apime mara mbili, aachanishe dakika moja, aandike kwenye daftari. Nyumbani, wastani wa 135/85 na kuendelea umpelekee daktari. Tena mwambie daktari kwamba alianguka! Baadhi ya dawa za presha huleta kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla.

Fundi Mitaa ya Kusini:
Kwanza mwanga. Zipo taa ndogo za kuchaji zenye sensa, zinawaka zenyewe mtu akipita, hata umeme ukikatika. Weka kuanzia kitandani hadi chooni. Kisha mwite fundi anayechomelea mageti akufungie bomba la kushikilia chooni na bafuni. Alikaze kwenye ukuta imara, akimaliza ajining'inize yeye kwanza.

Kijana wa Ubungo:
Kuhusu saa: Apple Watch zilianza kutambua kuanguka mwaka 2018, ila inataka iPhone, na kuchajiwa karibu kila siku. Mama akiivua kuchaji usiku, ndiyo saa anayokwenda chooni. Kwa hali yake singeanza nayo.

Mzee wa Tandika:
Binti yangu, nina miaka 71. Chumbani ndipo ninapovua nguo na kusali. Mwanangu akiniwekea jicho humo, nitaliziba kwa kanga ya marehemu mke wangu. Mlango wa nje sawa, tena kwa ruhusa yake. Mmemuuliza mwenyewe linalomsumbua?

Binti Kizuiani:
Shikamoo mzee. Nimemuuliza jana, na jibu sikulitegemea. Anasema kinachomuumiza ni umeme. Namba za LUKU ni 20, hazioni, kwa hiyo humwita kijana wa jirani amnunulie kwenye simu na kumwingizia kwenye mita. Kijana huyo anaijua namba yake ya siri! Nimeogopa kuliko nilivyoogopa ile habari ya kuanguka.

Nesi Mstaafu:
Badilisheni namba ya siri leo hii. Umeme mnunulie wewe kutoka Tegeta, namba za mita unazo, kisha mpigie umsomee tarakimu nne nne. Na macho yapimwe kabla hujanunua kingine chochote. Kama ni mtoto wa jicho, lenzi iliyofifia hutolewa ikawekwa ya bandia, kwa kawaida kwa ganzi ya jicho tu, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Hospitali ya CCBRT Msasani wanafanya, Muhimbili pia.

Binti Kizuiani:
Asante mama. Kaka ameelewa, kamera imesubiri. Fundi anakuja Jumamosi kufunga bomba. Simu ya kitochi yenye vitufe vikubwa nitapata wapi Kariakoo?

Kijana wa Ubungo:
Pita Mtaa wa Aggrey. Mchukue na mama, abonyeze mwenyewe dukani. Wewe sogea kando umpigie, uone kama anasikia mlio na sauti yako katikati ya kelele zile. Akishindwa kusikia, masikio nayo yapimwe siku mtakayokwenda hospitali.