Lord Carrington alijiuzulu 1982: uungwana, au hakuwa na cha kupoteza?

Kengele ya Asubuhi (mleta mada): Wakuu, huyu Lord Carrington, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza enzi za Waziri Mkuu Thatcher, alirithi ulodi 1938 akiwa na miaka 19. Baada ya vita akakaa Bunge la Mabwanyenye (House of Lords, lisilochaguliwa), na hakuwahi kuomba kura ya mtu hata mmoja. Lakini Argentina ilipovamia Falklands, visiwa vya Uingereza, tarehe 2 Aprili 1982, siku tatu baadaye alikuwa ameshaachia ofisi. Je, mtu asiyechaguliwa anafaa kupewa wizara nzito namna hiyo? Nasema alifaa kuliko wengi waliochaguliwa. Huku kwetu wa hivyo hayupo, mtu anakalia kiti mpaka kinaota mizizi.

Mchuma Majani: "Hayupo"? Futa hilo neno. Mzee Mwinyi aliachia mambo ya ndani kwa sababu ya raia waliofia mikononi mwa polisi Shinyanga. Mwaka 1976 kama sikosei. Yeye hakumgusa mtu, na wala hakuwa mtoto wa lodi.

Bahari Kuu: Ni Januari 1977. Mauaji ndiyo yalianza nyuma.

Kengele ya Asubuhi: Sawa, huyo mmoja nakubali. Wa pili nani?

Bahari Kuu: Lowassa, Waziri Mkuu, 2008.

Mchuma Majani: Usiwaweke sahani moja! Lowassa aliondoka baada ya ripoti ya Richmond, ile ya mkataba wa umeme, kusomwa bungeni, na siku ile alisema hakusikilizwa. Mzee Mwinyi aliubeba mzigo wa wengine. Anayeona ni kitu kimoja hajui maana ya kuwajibika.

Bahari Kuu: Aliyeondoka ameondoka. Wewe una mahaba na Mzee, sema tu.

Dada wa Temeke: Jamani, turudi kwenye swali. Jumamosi ya tarehe 3 Aprili Bunge la Makabwela (House of Commons, la waliochaguliwa) liliitwa kwa dharura, watu wamewaka. Mwenye dhamana ya mambo ya nje hakuweza kusimama mbele yao, kwa sababu lodi hana ruhusa ya kuhutubia kule. Akasimama John Nott wa ulinzi, wakamkatiza kwa kelele. Yaani waliochaguliwa na wananchi hawakuweza kumuuliza waziri uso kwa uso. Na mbunge akianguka anarudi jimboni kutazamana na watu wake, ila Carrington alirudi kwenye benchi lake la urithi. Hapo uungwana unapimwaje?

Kengele ya Asubuhi: Dada, usimdharau mtu kwa kuzaliwa kwake. 1944 alivuka daraja la Nijmegen na vifaru, risasi zinalia. 1954, kwenye sakata la ardhi la Crichel Down, aliomba kujiuzulu, Churchill akamkatalia. Na ndiye aliyewakalisha Mugabe, Nkomo na Muzorewa pale Lancaster House, London, kwenye mkutano wa uhuru wa Zimbabwe, tangu Septemba 1979 mpaka wakasaini Desemba. Zimbabwe ameikomboa yeye.

Mwana wa Kilolo: Ameikomboa yeye? Mimi kwetu ni jirani na Mgagao, walipokuwa na kambi wapiganaji wa ZANU, chama cha Mugabe. Mama yangu alikuwa msichana, anapeleka ulanzi. Kuna kijana mmoja alimfundisha kuhesabu Kishona: potsi, piri, tatu. Kufika tatu wote wawili wakacheka, kumbe ni ileile. Msimu uliofuata mama akabeba ulanzi kama kawaida, yule kijana hakuwepo. Wenzake wakanywa kimya, wakamlipa, hakuna aliyemwambia kitu. Mpaka leo mama akihesabu vifaranga, akifika tatu anasita. Halafu uniambie ukombozi umeletwa na bwana wa Eton, shule ya wakubwa wa Uingereza!

Mchuma Majani: Umenena. Na kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola Lusaka, Agosti 1979, Nyerere na Kaunda ndio waliombana Thatcher mpaka akakubali mkutano uitishwe.

Mwana wa Kilolo: Tena mkataba wenyewe uliwatengea wazungu viti 20 kati ya 100, na kwa miaka 10 ardhi isichukuliwe mpaka mwenyewe aridhie kuuza. Huo moto wa baadaye wa mashamba ya wazungu kuni zake zilipangwa London.

Kengele ya Asubuhi: Mwana wa Kilolo, neno "ameikomboa" nalirudisha, na mama naomba umsalimie. Ila bila mkutano ule vijana wangezidi kufa. Hilo silirudishi.

Bahari Kuu: Nami nauliza, mbona wote wawili waliinuka tena? Mwinyi akaenda ubalozini Misri, 1985 akawa Rais. Carrington 1984 akawa katibu mkuu wa NATO.

Mchuma Majani: Mwinyi alipigiwa kura na wananchi. NATO nani alipiga?

Dada wa Temeke: Ndicho ninachosema tangu mwanzo! 1999 warithi walipotolewa bungeni wakabakizwa 92, Carrington akapewa ulodi wa maisha, akabaki mlemle. Amefariki 2018 ana miaka 99. Maisha yote hayo, mwananchi wa kawaida alikuwa na njia gani ya kumtoa? Nijibuni hilo moja tu.

Mchuma Majani: Dada, nitakujibu. Kwanza Bahari Kuu afute lile la Lowassa.

Bahari Kuu: Sifuti.