HUYU MTANGAZAJI WA KIPINDI CHA SAYANSI AMENIKOSEA ADABU HEWANI!!!

Fundi_Vyuma_Kayole:
Wadau, bado natetemeka. Yule mtangazaji wa jioni, mnamjua tu, yule anayecheka kabla mgeni hajafungua mdomo, leo amenivua nguo mbele ya Nairobi nzima.

Walikuwa wameleta mhandisi wa mambo ya anga. Mtu mpole, anaeleza taratibu mpaka mtoto anaelewa. Akasema setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei kutoka angani ilirushiwa baharini hapa kwetu, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, miaka 7 kamili baada ya uhuru. Ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Mimi nikazima grinda, cheche zikakatika, lango la mteja nikaliacha limekatwa nusu. Nikatuma meseji kwa kredo yangu: "Mbona Wamarekani na Waitaliano watoke kwao waje kurushia roketi huku?"

Ikasomwa. Mhandisi akasema, "Hilo ni swali zuri sana. Dunia inavyozunguka..." Hapo hapo yule jamaa akadakia: "Na wewe wa Kayole, roketi ya nini? Utaipandia steji gani?"

STEJI GANI!

Studio nzima kicheko. Likaingia tangazo la kamari. Wakarudi na msongamano wa Jogoo Road. Kisha akamgeukia mhandisi wa watu, eti wewe ni shabiki wa timu gani, Gor au Ingwe? Mtu amesoma mpaka macho yamechoka, anaulizwa Ingwe!

Kwani nani alisema anataka kupanda? Mimi niliuliza swali. Kazi yake ni kuuliza wataalamu maswali, nimemsaidia bure, halafu ananiuliza steji. Huyu akiletewa daktari wa moyo atamuuliza kama amewahi kuachwa. Akiletewa mtu aliyegundua dawa ya kansa atamwambia, subiri kwanza daktari, tupige reggae. Na jibu lilikuwa limeshatoka kooni, limefika kwenye meno! Sekunde chache tu angenyamaza!

Sasa makanga wa hapa wote walikuwa wanasikiliza. Nikipita: "Mwezini mmoja, wa mwisho, twende!" Steji gani. Steji gani kweli?

MamaMboga_Umoja:
Pole fundi. Nilisikia. Huyo mtu hata mgeni akikohoa yeye anacheka.

Kijana_Donholm:
Lakini bado hujajibu, mkubwa. Ni steji gani? 😂😂

Fundi_Vyuma_Kayole:
Wewe ndiye unayemfanya mtu kama huyo aendelee kulipwa.

Mwana_Ngomeni:
Mimi ni wa huko kwenyewe, ngoja nikujibu alipokatizwa mwenzako. Waitaliano walijenga majukwaa ya chuma baharini hapa Ngomeni, wakayaita San Marco, chini ya Profesa Luigi Broglio. Setilaiti yao wenyewe iliondoka hapa 1967. Ikweta iko karibu, na kwenye ikweta ardhi inakimbia kuelekea mashariki kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikielekea mashariki inaondoka na mwendo huo tayari, bila kuchoma mafuta. Kule Florida inapata kama 1,470 tu. Na ile Uhuru ilitakiwa izunguke juu ya ikweta, maana njia hiyo inakwepa kwa kiasi kikubwa eneo la mionzi mikali lililo juu ya Atlantiki ya Kusini, mionzi ambayo ingevuruga vipimo vyake. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wake, alipata Nobeli 2002.

Fundi_Vyuma_Kayole:
Ahsante sana ndugu yangu! Mmeona? Nimesoma haya yote hata chai haijapoa. Kumbe swali la mtu wa Kayole lilikuwa na jibu zito namna hii, na yule anaulizia steji!

Karani_wa_Ruaka:
Na mkumbuke 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi kilitoa kisetilaiti kidogo, kikaachiwa kutoka kituo cha anga za juu. Halafu setilaiti yetu nyingine, Taifa-1, ikapaa Aprili 2023, lakini hiyo ilipandia California.

Kijana_Donholm:
Basi steji ni California, fundi. Beba nauli.

MamaMboga_Umoja:
Mimi hata roketi siwalaumu. Walileta mtu wa sukari na presha, nikaweka kalamu tayari niandike vyakula vya mama yangu. Alipofika kwenye ugali, yule yule akaanza kubishana naye kwamba babu yake alikula ugali akafika miaka mia. Kipindi kikaisha wanabishana juu ya babu! Mama yangu mpaka leo hajui ale nini.

Dereva_33:
Babu yake ndiye mtaalamu mgeni wa kila wiki. Hata kwa mtu wa tetemeko la ardhi alitajwa.

Karani_wa_Ruaka:
Siku ya mvuke wa Olkaria ndiyo iliniua. Yule mama mtaalamu anaeleza wanavyochimba mpaka kwenye mwamba wa moto, mvuke unapanda kuzungusha mitambo ya stima, kazi hiyo inaendelea tangu 1981. Akaulizwa kama yai linaweza kuiva humo.

Dereva_33:
Yai linaiva Bogoria. Nimechemsha mwenyewe kwenye zile chemchemi, nikala.

Kijana_Donholm:
Bogoria si Olkaria, mzee.

Dereva_33:
Nimesema ni Olkaria? Soma kwanza.

Fundi_Vyuma_Kayole:
Wadau, tusitoke kwenye mada. Huyu mtu aombe radhi hewani, kwa saa ile ile, na mhandisi arudishwe amalize sentensi yake.

Karani_wa_Ruaka:
Mimi nilitaka aulizwe kitu kimoja: mvuke ni wetu, unatoka chini ya ardhi yetu, mbona tokeni za stima zinapanda kila uchao?

MamaMboga_Umoja:
Usinianzishe na tokeni. Nimenunua asubuhi, pesa imekatwa kwa simu, namba haijaja mpaka sasa. Friji imezima na samaki wamo ndani.

Dereva_33:
Mama, angalia meseji za zamani, wakati mwingine inaingia imechelewa.

MamaMboga_Umoja:
Nimeangalia. Nimepiga simu, nawekewa muziki tu.

Kijana_Donholm:
Hata mimi, tangu jana. Wangapi hapa Eastlands hawajapata?

Mwana_Ngomeni:
Huku Pwani pia hazijaingia.