Vidonge vya Mama (kikundi cha familia, Lubumbashi)

Yaya Mado: Mama amelia tena saa nane ya usiku. Eti watu wameingia, wanabeba kitanda na yeye juu. Nyumba nzima tumeamka, hata mbwa wa jirani.

Trésor: Mama wa nyumba ya pili anasema hiyo njo bulozi. Nimeshaita watu wa maombi.

Yaya Mado: Trésor, jamani.

Nadine: Ngoja kwanza. Ile donepezili, dawa yake ya ugonjwa wa kusahau, anakunywa saa ngapi?

Yaya Mado: Kisha bukari ya usiku. Siku hizi hamalizi, tumbo linamchafuka.

Nadine: Munganga alipandisha dozi lini?

Yaya Mado: Mwezi wa kwanza ilikuwa miligramu 5. Sasa 10, ni juma la tatu.

Nadine: Basi bulozi hiyo ina miligramu 10 😅 Ikinywewa usiku inaleta ndoto kali, ndiyo maana wengi wanahamishiwa asubuhi. Kichefuchefu, kuharisha, misuli kukaza, vyote vinaweza kutoka kwake, hasa dozi ikipanda.

Trésor: Natupa zote, na za presha pamoja.

Tantine (Brussels): Usitupe kitu wewe! Ufaransa serikali iliacha kuzilipia dawa za kusahau kama hiyo donepezili 2018, ikaona faida yake ni ndogo. Lakini hata kule hawakatizi ovyo.

Nadine: Ukikata ghafla, akili inaweza kuporomoka. Munganga hushusha 10 hadi 5, majuma kama manne, ndipo inaachwa. Labda kama kuna hatari, mfano moyo. Yaya, Jumapili si alianguka bafuni?

Yaya Mado: Ee. Alisema kichwa kinazunguka.

Nadine: Shika mkono wake, hesabu mapigo dakika nzima. Usihesabu nusu halafu uzidishe.

Yaya Mado: 46.

Yaya Mado: Nimerudia. 46.

Nadine: 46 ni kidogo mno! Na ya presha ni bisoprololi. Zote mbili zinapunguza mwendo wa moyo! Donepezili ya leo asipewe. Mpeleke sasa hivi, beba paketi zote. Bisoprololi tusiikate sisi wenyewe, nayo kuiacha ghafla ni hatari. Munganga ataamua.

Tantine (Brussels): Natuma pesa ya teksi.

*Saa kumi na nusu*

Yaya Mado: Tumerudi. Moyo wameupima kwa mashine. Donepezili imesimamishwa leo leo, bila kushusha polepole, sababu ya hayo mapigo. Bisoprololi imepunguzwa nusu. Alhamisi tunarudi.

Nadine: Ndoto zisipoisha leo msishangae. Hata siku ya tatu, karibu nusu ya dawa iko bado mwilini. Chukua daftari, andika anakula kiasi gani, anamtambua nani, mapigo mangapi. Akili ikishuka sana majuma haya, tunamwambia munganga upesi. Na mutu asimpe dawa ya mafua ya kusinzisha eti alale! Zile zinamvuruga zaidi.

Trésor: Sasa watu wa maombi? Wako njiani.

Yaya Mado: Waje. Ila waombe polepole, Mama amepata usingizi.