Kukusanya Hadley Chase wote: nianzie wapi, na nichunguze nini kabla ya kulipa?

Kipepeo_Umoja aliuliza:

Wadau, hamjambo. Nataka kukusanya riwaya zote za James Hadley Chase, yule mwandishi wa hadithi za uhalifu, na kuzisoma kwa mpangilio. Nakala 14 zipo tayari, zote jalada laini, za mtumba. Nisaidieni kwa mambo matatu: nifuate mpangilio gani, nikiinama pale Mtaa wa Tom Mboya, Nairobi, kwa wauza vitabu vya mtumba wanaovitandaza chini, nitazame nini kabla ya kutoa pesa, na kurasa zinazong'oka nizibandike kwa gundi gani?

JaladaGumu:

Ndugu, tengeneza orodha kwanza, vitabu vitafuata. Riwaya zake zinakaribia 90, za kati ya 1939 na 1984, na hakuzitoa zote kwa jina moja. Chase lenyewe ni jina la kalamu. Mwingereza huyu alizaliwa René Raymond. Nyingine nyingi alizitoa kama Raymond Marshall, moja kama James L. Docherty, na moja kama Ambrose Grant, ambayo ni More Deadly Than the Male ya 1946. Baadaye wachapishaji walizirudisha za Marshall sokoni zikiwa na jina la Chase. Kwa hiyo ukiona jalada kuukuu limeandikwa Raymond Marshall, usilipite.

Mtego mkubwa ni majina tofauti ambayo vitabu vilipewa Marekani. Chukua Vic Malloy, yule mpelelezi. Vitabu vyake ni vitatu tu: You're Lonely When You're Dead (1949), kisha Figure It Out for Yourself na Lay Her Among the Lilies, vyote vya 1950. Marekani cha pili kiliitwa The Marijuana Mob, cha tatu Too Dangerous to Be Free. Asiyejua atadhani Malloy ana vitabu vitano, na atalipia hadithi moja mara mbili. Daftari lako liwe na safu nne: jina la Uingereza, mwaka, jina la Marekani, mhusika mkuu. Jalada usilifuate kabisa, maana kitabu kimoja kilibadilishiwa picha mara nyingi.

Kusoma zote kwa mwaka si lazima, nyingi zinajitegemea. Zinazodai mpangilio ni chache. No Orchids for Miss Blandish (1939) itangulie The Flesh of the Orchid (1948). Ukigeuza, cha pili kitakumwagia siri ya cha kwanza. Mhusika Helga Rolfe ana vitatu: An Ace Up My Sleeve (1971), The Joker in the Pack (1975), I Hold the Four Aces (1977). Mhusika mwingine, Mark Girland, ana vinne, kuanzia This Is for Real ya 1965.

Halafu hiyo No Orchids ina matini mbili. Mwaka 1961 mwandishi mwenyewe aliiandika upya kwa kiasi kikubwa, akiona dunia ya 1939 imekuwa mbali mno na wasomaji wapya. Mkusanyaji wa kweli anatafuta zote mbili. Jina la jalada halitakuonyesha tofauti. Fungua ukurasa wa hakimiliki.

Karatasi_Njano:

Naongezea kuhusu huo ukurasa wa hakimiliki. Matoleo ya Corgi na Panther, wachapishaji wa Uingereza wa jalada laini, huwa yanapanga miaka ya kuchapwa upya, mmoja chini ya mwingine. Mwaka wa mwisho ndio umri wa nakala uliyoshika. Mwaka wa juu ni wa riwaya ilipotoka mara ya kwanza, na muuzaji akikuambia "hii ni ya zamani sana" huwa anakuonyesha huo.

Pale unapoinama kwa wauzaji, anzia nyuma. Soma sentensi ya mwisho uone kama hadithi imefungwa, kwa sababu karatasi ya mwisho ndiyo hung'oka kwanza, na riwaya ya upelelezi isiyo na mwisho haina thamani hata ya shilingi kumi. Kisha pitisha kidole gumba kwenye namba za kurasa za katikati. Kitabu kikifunguka chenyewe mahali pamoja, gundi imekatika hapo. Herufi zenye ukungu na pambizo zilizokatwa karibu na maneno ni dalili ya nakala ya fotokopi. Na kinuse! Harufu ya kuvu haitoki upesi, na kuvu yenyewe itahamia kwa jirani zake rafuni.

Ukifika nyumbani, kabla hakijakaa na wenzake, kifunge ndani ya mfuko wa plastiki na ukiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, usiufungue mfuko mpaka kesho yake, la sivyo kitatoa jasho. Baridi hiyo inaua wadudu na mayai yao. Kuvu haifi, inalala tu. Juni hadi Agosti, Nairobi inapokuwa na baridi na unyevu, rafu isigusane na ukuta wa nje. Acha nafasi ya vidole vitatu.

MamaWaRafu:

Kuhusu gundi. Selotepu usiiguse. Gamu yake huingia kwenye karatasi, ikawa kahawia, na haitoki tena.

Karatasi moja iliyong'oka: paka gundi aina ya PVA ukingoni, mstari wa milimita moja au mbili, isukume mpaka ikae sawa na wenzake, weka karatasi ya nta pande zote mbili, kisha kandamiza kwa kitu kizito usiku kucha. Gundi ikizidi inavuja na kushika kurasa za jirani.

Mgongo wote ukiachia, vua jalada na ukwangue gundi kavu. Bana kurasa kati ya mbao mbili, mgongo ukiwa juu. Zilaze kushoto kidogo mpaka kila karatasi ionyeshe ukingo wake, paka. Zilaze kulia, paka tena. Zisimamishe, bandika kipande cha bendeji ya pamba, na zikikauka rudisha jalada.

Kipepeo_Umoja:

Asanteni sana. Gundi nyeupe ya seremala si ndiyo hiyo PVA?

MamaWaRafu:

Ni ya ukoo huo, ila ya seremala ikikauka inakuwa ngumu kama kijiti, na mgongo unapasuka tena siku ukikifungua. Uliza ya vitabu, inayobaki laini. Paka tone kwenye kipande cha karatasi, ngoja kesho, ulikunje: likipasuka, usilitie kitabuni.