Tamthilia ya mtu anayegeuka mbwa mwitu, kamera moja, Mufindi: tukio la kugeuka tulipigeje?

Kijana wa Uyole
Wakuu, habari za jioni. Tunaandaa tamthilia ya vipindi sita, dakika 20 kila kimoja. Fundi wa mbao wa Mafinga anageuka mbwa mwitu kila mwezi unapokuwa mpevu. Vifaa: kamera moja ya fremu nzima, lenzi ya milimita 50 na nyingine ya 70-300, stendi, taa mbili za LED. Mandhari ni mashamba ya mipaini.

Tumekwama kwenye mambo matatu. Kugeuka kwenyewe tukuonesheje bila katuni za kompyuta? Manyoya tuyapate wapi yasifanane na zulia? Na mwezi, kila tukiupiga unatoka kidoa cheupe. Mwenye ujuzi atupe hatua, sio "mtafika tu".

Fundi Lenzi
Naanza na mwezi kwa sababu ni hesabu tu. Ukubwa wake kwenye kihisio, yaani kile kibati cha ndani ya kamera kinachopokea picha, ni urefu wa lenzi ugawe kwa 110. Lenzi ya 50 inakupa nusu milimita, na kihisio chako kina urefu wa milimita 24. Lazima kiwe kidoa. Kwa 300 unapata karibu milimita 2.7, yaani sehemu moja ya tisa ya fremu. Weupe nao unatokana na kuipima kamera kwa giza la mbinguni, wakati mwezi wenyewe unamulikwa na jua. Weka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, tundu la lenzi f/16, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Utaona hadi madoa yake. Stendi ikazwe, kwa kuwa kwa dakika mbili mwezi unasogea upana wake mzima.

Kwa vipimo hivyo msitu utakuwa mweusi tii, hilo halikwepeki. Ama uupige mwezi peke yake uupachike wakati wa kuhariri, ama upige jioni ya siku moja kabla haujajaa. Siku hiyo unachomoza jua halijazama, mbingu bado ina mwanga, na vyote viwili vinaingia kwenye fremu moja. Una dakika 15 hivi, kwetu giza linaingia haraka. Asiye na programu ya mwezi aangalie kalenda ya Kiislamu, tarehe 13 hadi 15.

Mbalamwezi halisi usiitegemee kumulika mwigizaji, ni hafifu mno kwa kamera yenu. Taa ya kwanza iweke NYUMA yake, juu mita tatu au nne, kamera ukiiweka Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 3800 na taa ikiwa 5600, rangi inakuja ya buluu ya kiasi. Ukishuka hadi 3200 watu wanakuwa kama wamepakwa bluu ya kufulia. Taa ya pili irushe kwenye shuka jeupe ubavuni, hafifu sana. Manyoya yakimulikwa kwa mbele ni zulia hata kama yamegharimu milioni. Yakimulikwa kwa nyuma kila unywele unang'aa ukingoni, na uso unabaki kivulini, ambako mtazamaji anajitishia mwenyewe.

Dada Msusi
Manyoya nendeni sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kwenye nywele za kusukia. Chukueni rangi tatu, nyeusi, kahawia iliyokolea na kijivu, mzichanganye kwa chanuo hadi rangi isijulikane ni ipi. Rangi moja tupu ndiyo inayofanana na zulia. Zina mng'ao wa plastiki, uueni kwa kupaka wanga wa mahindi kisha kukung'uta. Kateni vipande vya sentimita 4 hadi 5, vya mashavuni vifupi zaidi.

Kubandika ni kama kuezeka nyasi, unaanza chini. Safu ya kwanza shingoni, inayofuata juu yake iifunike mizizi ya ile ya chini, mnapanda kidevuni, mashavuni, mnamalizia kwenye paji. Ukianza juu, mistari ya gundi itaonekana yote. Gundi ni ya wigi. Paka, subiri hadi inate kidoleni bila kuvutika, ndipo ubandike. Uso mzima ni saa mbili na nusu kwa mtu mwenye mkono mwepesi, kwa hiyo mwigizaji akae mapema. Kutoa: mafuta ya nazi, dakika tano, usivute.

Pua na paji la uso tumieni jelatini. Vijiko vikubwa vitatu vya jelatini, vitatu vya glisarini ya duka la dawa, vitatu vya maji. Acheni ivimbe dakika kumi, halafu bakuli likae ndani ya maji ya moto hadi uji uwe angavu. Msiuchemshe, utajaa mapovu na kukosa nguvu. Mimineni kwenye sahani iliyopakwa mafuta, kingo ziwe nyembamba kama karatasi. Ukishabandika, chovya pamba ya masikio kwenye maji ya moto upitishe ukingoni, inayeyuka na kuungana na ngozi. Kosa la wengi ni kuacha ukingo mnene halafu kuuficha kwa poda. Kamera itauona tu. Na muulizeni mwigizaji kabla: jelatini nyingine ni ya nguruwe, nyingine ya ng'ombe. Hilo lisije likajulikana akiwa nayo usoni.

Gundi yoyote jaribuni nyuma ya sikio siku moja kabla.

Kijana wa Uyole
Dada, shukrani. Supagluu je, kwa kucha na meno? Gundi ya wigi tunaona itaachia.

Dada Msusi
HAPANA. Ikigusana na pamba inapata moto hadi kuunguza, na ngozini inang'oka na ngozi. Kucha za bandia zina stika zake. Meno tumieni plastiki inayolainika kwenye maji ya nyuzi 60: ilainisheni, ipoe kidogo, finyangeni juu ya meno, mchonge ikishakauka. Akiyavaa atatamka "s" kama mtoto, hivyo mistari yote isemwe bila meno, ya kunguruma tu ndiyo yenye meno. Lenzi za macho za rangi za kununua mtandaoni msiziguse, jicho halina spea. Rangi ya macho iwekeni kwenye kuhariri. Mwigizaji atulize kichwa sekunde mbili, inatosha.

Mhariri wa Usiku
Hapo kwenye macho msiishie kwenye urembo. Teen Wolf ya MTV, 2011 hadi 2017, macho ni cheo: manjano ni mfuasi, mekundu ni kiongozi wa kundi, na buluu ni aliyeua asiye na hatia. Mtazamaji anajua nani ni nani bila mtu kufungua mdomo. Wekeni kanuni yenu moja kama hiyo kipindi cha kwanza, na msiivunje.

Kugeuka: picha nane, hakuna inayozidi sekunde tatu. Kiganja, mgongo, kucha kwenye gome la mpaini, kivuli, jicho. Uso mzima uwe wa mwisho. Picha moja tu ndiyo mfanye ya kuyeyushana: mguu au kiganja kimelala juu ya mbao, kamera kwenye stendi, mwanga usibadilike. Chora mzingo wake kwa chaki. Piga sekunde tano, bandika manyoya kidogo, rudisha kiganja ndani ya chaki, piga tena, hadi hatua nne. Ukihariri, kila hatua iyeyuke kwenye inayofuata kwa fremu 12. Kiganja kikisogea hata nusu sentimita kitaonekana kinaruka, ndiyo maana nasema kisiwe uso.

Mgongo unaovimba: glovu ya hospitali, mrija wa dripu umefungwa kwa uzi kwenye mdomo wa glovu, chini ya shati jepesi. Mtu anapuliza nje ya fremu. Shati lenyewe fumueni mishono mlishikize kwa uzi dhaifu kila sentimita tatu, na nunueni ya mtumba matatu yanayofanana, maana mara ya kwanza halichaniki mnapotaka.

Sauti ya mifupa ni muwa unaovunjwa karibu na maikrofoni, na mabua makavu ya mahindi kwa vidole. Ngurumo ni ya mbwa ikishushwa nusu toni tano hadi saba, chini yake pumzi ya mwigizaji mwenyewe.

Mzee wa Kalenga
Kamwene. Vijana, mmesahau watu. Mtu mwenye manyoya usiku karibu na kijiji si mzaha, tuhuma za uchawi zimeshaua watu nchi hii. Simba wala watu walipoisumbua Njombe miaka ya 1930 na 1940, wengi waliamini wanatumwa na mtu, hadi bwana nyama (ofisa wa wanyamapori) George Rushby alipowawinda. Imani hizo hazijafa. Siku tatu kabla muoneni mwenyekiti wa kijiji, atangaze, awape mgambo wawili wakae nanyi hadi mwisho. Mwigizaji asitoke kwenye eneo la taa akiwa amevaa, hata kwenda haja.

Sheria ya filamu ya 1976 inataka kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kupiga. Shamba la miti la Sao Hill ni la TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), ombeni kwa barua. Kiangazi msitumie moshi wa moto pale, mipaini inawaka kama petroli. Ukungu wa alfajiri wa Mufindi ni bure.

Nami naona mngemfanya fisi. Mbwa mwitu wetu wa Hifadhi ya Ruaha ana madoa na masikio ya duara, si huyo wa Ulaya mwenye masikio ya ncha. Mtu wa Pawaga, jirani na Ruaha, atawacheka.

Mhariri wa Usiku
Mzee, shikamoo. Kwenye fisi tunatofautiana: mgongo wake unashuka nyuma, mtu aliyesimama wima hawezi kuuiga bila kuonekana kilema. Ila masikio ya duara na madoa ya mbwa mwitu wa Ruaha, hayo wayachukue. Yatakuwa ya kwetu.

Kijana wa Uyole
Ndaga fijo, wote. Moja la mwisho: kipindi cha tano anakimbilia Kyela, mchana.

Dada Msusi
Kwa joto la Kyela mchana jelatini itamdondokea kifuani ndani ya nusu saa. Mvisheni kofia, au hamisheni tukio hilo liwe alfajiri, kabla ya saa moja.