Semina za DS zibaki, zifutwe, au ziendeshwe kwa Kiswahili?

Mleta mada: Wadau, semina za kozi za lazima kama DS (Development Studies, yaani masomo ya maendeleo), jinsi zinavyoendeshwa vyuoni kwetu, ni maigizo. Kundi moja linasimama na slaidi, msemaji anasoma, waliobaki wanasubiri karatasi ya mahudhurio izunguke. TA, yaani mkufunzi msaidizi anayesimamia semina, anauliza kama kuna swali. Kimya.

Pita vimbwetani, kwenye zile meza za nje za kujisomea, jioni hiyohiyo. Wale mabubu wa mchana wanabishana kuhusu deni la taifa, wawekezaji na mikopo ya elimu ya juu hadi usiku. Kule hakuna alama, na wanaongea Kiswahili.

Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hili si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi wa USARF, kundi la wanafunzi wanamapinduzi, pamoja na wahadhiri kama Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, walikuwa na madarasa yao ya Jumapili. Hayakuwamo kwenye ratiba wala hayakuwa na mtihani, na watu walisoma na kubishana. USARF ikapigwa marufuku mwaka 1970. DS nayo ilitokana na vuguvugu la miaka hiyo, sasa tazama ilipofika!

Napendekeza: watu 20, andiko moja linalosomwa kabla, hakuna kuwasilisha, lugha Kiswahili. Nipingeni.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, hao 20 utawapataje wakati darasa la DS linajaa hadi madirishani? St. John's College kule Marekani wanafanya hivyo tangu 1937: meza moja, walimu wawili, swali moja la kufungulia. Lakini ni chuo kidogo. Huku TA mmoja anabeba makundi mangapi? Na ukiondoa alama, atabaki yeye na viti.

Mchangiaji wa 2: Kusoma kabla, sawa. Kiswahili hapana. Andiko ni la Kiingereza, UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ni ya Kiingereza, usaili wa kazi vilevile. Usipojifunzia kuongea humo, utajifunzia wapi? Halafu wenzetu wa kutoka nje mnawaweka wapi?

Mleta mada: Wa kwanza, bora semina moja ya kweli kila baada ya wiki mbili kuliko maigizo ya kila wiki. Makundi ya TA kwa wiki yanapungua hapohapo. Wa pili, wageni wawe na kundi lao la Kiingereza, na UE ibaki ilivyo. Tunachokosa sasa ni hoja, Kiingereza cha kusoma slaidi tunacho tele. Alama zipo: kila mtu aje na swali lake la maandishi kutoka kwenye andiko, hilo lisahihishwe.

Mchangiaji wa 2: Hilo swali litadeswa kwenye grupu la WhatsApp kabla TA hajafika.